Udongo wa Bi Mwatumu na Taa ya Bwana Kurunzi

Mtaa mzima wa Mabawa ulijua kwamba Idarusi bin Athumani analipwa na Serikali kwa kutazama matope gizani. Lilikuwa jambo la fahari, na kama mambo mengi ya fahari, hakuna aliyeweza kulieleza. Jirani akiulizwa, "Idarusi kazi yake nini?" alijibu, "Yuko Nyumba ya Chupa," kisha akageuza mazungumzo upesi kabla hajaulizwa chupa za nini.

Nyumba ya Chupa ilikuwa kituo cha kupima udongo, jengo refu la bati jekundu nje ya mji wa Tanga, kandokando ya barabara iendayo kwenye mashamba ya mkonge. Serikali iliijenga ili ijue ardhi ya pwani ina nini ndani yake. Wenyeji wangeweza kuieleza, kwa kuwa waliilima tangu enzi za mababu wa mababu zao. Lakini mwenyeji hutoa jibu lake papo hapo, bila chupa, na jibu lisilopita chupani haliingii kwenye faili.

Idarusi aliingia humo mwaka wa hamsini na moja, akiwa mchimba mashimo. Alichimba miaka miwili, mashimo ambayo hayakuwa ya choo wala ya kaburi wala ya mnazi, akayafukia mwenyewe. Kisha akapandishwa cheo, akawa mwosha chupa. Mtu akizaliwa na nyota yake hana la kufanya.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza kama miche iliyonusurika na ukame. Marehemu baba yake alikuwa mshona kofia, na kabla ya kumfundisha kushika sindano alimfundisha kutazama. "Nyeupe si moja," mzee alikuwa akimwambia, akimwekea nyuzi mbele yake mkekani. "Kuna nyeupe ya pamba, kuna nyeupe ya uzi uliofuliwa, na kuna nyeupe ya mwenye duka mwongo." Idarusi hakuwa mshona kofia, vidole vyake vilikataa. Macho yake, lakini, yalihitimu.

Macho hayo yangekufa bila kujulikana kama si Bwana Haskett.

Bwana Haskett aliletwa mwaka wa hamsini na tano, pamoja na masanduku sita yaliyoandikwa "polepole" kwa lugha tatu. Ndani ya masanduku mlikuwa na taa. Haikuwa taa ya kusomea wala ya kutembelea. Ukiiwasha huoni ila mwali hafifu wa zambarau, na nuru yake yenyewe, kwa maelezo ya mwenyewe, haionekani kwa jicho la binadamu. Wafanyakazi walishauriana siku nzima kuhusu mtu aliyevuka bahari kuja kuwaletea taa isiyoonekana, mwisho wakampa jina la Bwana Kurunzi, na likamkaa kuliko koti lake.

Elimu yake ilikuwa hivi. Ndani ya kila udongo mna tindikali zilizozaliwa na kuoza. Majani, mizizi, mende, kila kilichowahi kuishi kikachoka, huacha tindikali yake ardhini. Nyingine ni nyeusi na nzito, nyingine ni za manjano na nyepesi. Zikimulikwa na taa ile, kila moja humeremeta kwa rangi yake, na kwa rangi hiyo udongo hujulikana ukoo wake. Bwana Haskett alizigawa nchi zote za dunia katika madaraja manne. Udongo ung'aao buluu ni Daraja la Kwanza, kijana na mwenye nguvu. Kijani ni la Pili, manjano ni la Tatu. Wenye kahawia ya kufifia ni Daraja la Nne, ambao alisema umezeeka na hauna budi kuachwa upumzike.

Hoja hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli ni kiumbe wa ajabu: hutembea kwa mguu mmoja lakini hufika mapema kuliko wenye miguu miwili.

Kazi yenyewe ilifanywa na Idarusi. Aliuanika udongo kwenye sinia, akautwanga kinuni, akauchekecha, akauloweka katika maji ya magadi makali mpaka ukatoa weusi kama kahawa ya msibani. Akauchuja. Kisha akatia tindikali ya chupani, tone baada ya tone, mpaka ule weusi ukaanguka chini kama masizi na juu yakabaki maji ya manjano. Nyeusi chupa yake, manjano chupa yake. Ndipo walipoingia chumba cha giza, chumba kidogo chenye mapazia mazito meusi, mchana kweupe, wakafunga mlango na kuwasha taa.

Ilikuwapo pia mashine yenye mshale, ya kupimia mng'ao, ambayo ingemwondolea Bwana Haskett haja ya macho ya mtu. Iliketi mezani wiki mbili, ikala chumvi ya bahari, mshale ukalala upande wa kushoto na haukuamka tena. Akabaki na kidarubini chenye kioo cha pembe tatu ndani yake, ambacho huitawanya nuru ikawa mistari ya rangi kama upinde wa mvua. Lakini Bwana Haskett aliiogopa taa yake. Alisema nuru ile inaharibu macho, kwa hiyo aliingia chumbani na miwani nene ya kijani, nyeusi karibu sawa na makaa. Miwani ilikuwa moja tu. Macho ya Idarusi hayakuwekwa kwenye makadirio ya mwaka ule.

Ikawa kwamba mtaalamu wa mng'ao hakupata kuuona mng'ao hata siku moja.

"Idarusi, nini rangi?" aliuliza kutoka gizani.

Na Idarusi, jicho kwenye kidarubini, alijibu. Udongo mwekundu wa Muheza ulitoa manjano ya embe lililoanza kulainika. Matope ya mikoko ya Mkwaja yalitoa kijani cha bawa la nzi. Udongo mmoja kutoka kando ya mto ulitoa rangi aliyoitafuta jina kwa muda mrefu, mwisho akasema, "Maji ya dafu, Bwana, dafu changa, ukiyatazama kwenye kikombe cheupe." Bwana Haskett aliandika: *Nambari 2*. Hivyo ndivyo majina yale mazuri yalivyozikwa, kila moja chini ya nambari yake, bila hata fatiha.

Usiku wa kwanza alipomsimulia mkewe, Chiku alimtazama sana.

"Kumbe udongo unang'aa?"

"Unang'aa."

"Na sisi tunaufagia nje kila asubuhi!"

Chiku alikuwa mtoto wa Tongoni, wa Bi Mwatumu, na alikuwa na maradhi mawili yasiyotibika: usafi na kwao. Alifua nguo mpaka zikaomba msamaha. Kanzu ya Idarusi ya Ijumaa ilisimama yenyewe. Mwaka ule wa hamsini na sita ilikuja dukani sabuni mpya ya unga, ndani ya pakiti ya karatasi, ambayo mwenye duka aliapa kwamba inaitia nguo weupe usiokuwapo. Chiku alinunua pakiti moja, akaifungia kabatini pamoja na ubani na hirizi ya marehemu bibi yake. Haikuguswa ila kwa ajili ya kanzu ya Maulidi na ya Ijumaa, na shuka za wageni.

Basi mwezi wa saba Bwana Haskett alimwamuru Idarusi akachimbe udongo Tongoni. Hakusema wa nini. Alisema ni "uchunguzi," neno ambalo Serikali hulitumia inapokuwa imekwisha kujua inachotaka.

Idarusi akaenda na keekee yake ya kutobolea ardhi, akaanzia, kwa adabu ya mkwe, kwenye shamba la mama mkwe. Bi Mwatumu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Shamba lake lilikuwa minazi thelathini na mbili, mihogo, kisima kimoja, kaburi la mumewe, na ule mnazi wa pembeni ambao chini yake kilizikwa kitovu cha Chiku siku ya arobaini. Aliuita mnazi huo "mkubwa wake Chiku" na akigombana na bintiye alikwenda kuushtakia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wanisalimia na msumari wa nini huo?"

"Serikali inautaka udongo wako, mama. Itaupima kwa taa."

Bi Mwatumu akajishika kiuno. Akaita jirani wa kulia, akaita wa kushoto. "Mwasikia? Udongo wangu umeitwa mjini! Wenu je, umeitwa?" Na alipoona Idarusi anatoboa karibu na choo, alimfokea mpaka akahama. "Chukua pale, penye mhogo. Mtu haendi mbele za watu na nguo ya jikoni."

Habari hizo zilimfikia Chiku kabla mumewe hajavua viatu. Na hapa ndipo palipoanza msiba wote, kwa sababu wiki ileile karatasi za kuchujia zilikuwa zimekwisha. Meli iliyokuwa izilete ilizipeleka Bombay, ambako bila shaka zilipokewa vizuri. Bwana Haskett akasema vitafutwe vitambaa vya bafta, vikatwe mraba, vifuliwe, vitumike badala yake. Idarusi alivileta nyumbani dazeni mbili.

"Vya nini hivi?" Chiku akauliza.

"Vya kuchujia. Hivi kumi na viwili vya udongo wa Mkwaja, na hivi vya udongo wa kwenu."

Chiku akavitenga mafungu mawili. Vya Mkwaja alivifua kwa sabuni ya mche, akaviosha kwa maji mengi, akavianika. Kisha akalifungua kabati. Udongo wa Tongoni, udongo wenye kitovu chake na kaburi la babake, haukuwa wa kupitishwa kwenye tambara mbele ya Mzungu. Alivifua vile vitambaa kwa unga wa Maulidi, akaviloweka humo tena kutwa nzima, akavikausha bila kuvisuuza sana ili weupe usije ukatoka. Vilikuwa vyeupe hivi kwamba kunguru walihamia ua mwingine.

Siku iliyofuata, chumbani gizani, Bwana Haskett akauliza kama kawaida, "Nini rangi?"

Idarusi akakigeuza kidarubini kushoto, kisha kulia.

"Nini rangi, Idarusi?"

"Buluu, Bwana." Alifuta kidarubini kwa ncha ya shati, akatazama tena. "Buluu. Sijapata kuona buluu hii. Buluu ya... Bwana, hii haina jina."

Bwana Haskett aliishika miwani yake ili aivue kwa mara ya kwanza tangu afike Tanganyika, akaikumbuka taa, akairudisha upesi kabla hajaona kitu. Alitoka chumbani akitembea kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Alikaa ofisini mpaka jioni akiandika, na alichoandika kilikuwa na vistari chini ya maneno mengi.

Idarusi alirudi nyumbani na habari njema. "Udongo wa kwenu umetoka Daraja la Kwanza," alimwambia Chiku, na Chiku akapiga kigelegele kilichowatoa majirani. Salamu zikapelekwa Tongoni na muuza samaki. Bi Mwatumu, wasema, alitembea wiki ile kwa mwendo mwingine.

Aliyewarudisha duniani alikuwa karani Ernesti. Ernesti alikuwa mtu wa milima ya Usambara, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, mpiga chapa wa kituo, na mtani wa Idarusi kwa sababu mtu wa mlimani na mtu wa pwani wakikaa meza moja bila kutaniana chai hupoa.

"Wewe mla papa," alisema asubuhi moja, akiacha kugonga mashine yake, "Tongoni si kwenu?"

"Kwa wakwe zangu. Nyie wakaa ukungu mtajuaje Tongoni?"

Ernesti hakucheka. Aligeuza karatasi ili Idarusi aione, akamsomea kwa sauti ya chini, akiifasiri. Shamba moja la mkonge lilitaka kupanuka upande wa kusini. Serikali ilikuwa imekubali, ila ilitaka kwanza kujua ardhi ipi inafaa. Bwana Haskett alijibu kwamba ardhi ya Tongoni, kuanzia shamba lenye kisima na minazi thelathini na mbili, ni Daraja la Kwanza, na kwamba ni hasara kwa taifa kuiachia mihogo. Wakazi watahamishwa kwa heshima zote, maana yake kwa lori. Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, na Meneja wa mkonge watakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuutazama mng'ao kwa macho yao, watie sahihi.

"Hata minazi imehesabiwa," alisema Idarusi.

"Si wewe uliyeandika kwenye kibandiko cha chupa? 'Shamba la Bi Mwatumu, minazi thelathini na mbili.' Mwandiko wako mzuri, Bwana Idarusi. Sikupata taabu hata kidogo."

Idarusi hakumwambia Chiku siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu alimwambia, na Chiku hakulia. Alikwenda kukaa barazani na kuuliza swali moja: "Mnazi wangu nao watauhamisha kwa lori?"

Ijumaa iliyofuata, wiki moja kabla ya wageni, Idarusi alitoka msikitini akakuta baiskeli ya kituo inamngoja: Bwana anataka chupa za Tongoni zihesabiwe sasa hivi. Hakupata nafasi ya kubadili nguo. Aliingia chumba cha giza na kanzu yake, akafunga pazia, akawasha taa. Na mara akapiga ukelele ambao Ernesti aliusikia mpaka ofisini.

Mwili wake ulikuwa umetoweka. Kichwa hakikuwapo, mikono haikuwapo. Ilisimama kanzu peke yake gizani, buluu, inawaka kama bahari imeremetayo usiku, na kila alipopumua ikapumua.

Mtu mwingine angekimbia kwenda kutafuta mganga. Idarusi alianza kumtaja Mola, akafika katikati, na mtoto wa mshona kofia ndani yake akaamka. Aliinamia mkono wa kanzu. Ilikuwa ile buluu. Ileile isiyo na jina. *Kuna nyeupe ya mwenye duka mwongo*, mzee alisema kaburini.

Akachukua kitambaa kilichobaki cha Tongoni, akapitisha maji matupu ya bomba, akayatia chini ya taa. Maji ya bomba yakatoka Daraja la Kwanza. Akachukua kitambaa cha Mkwaja, akapitisha maji yaleyale. Giza.

Alimkuta Bwana Haskett anakunywa chai.

"Bwana, samahani. Buluu ile si ya udongo. Ni sabuni. Mke wangu alivifua vitambaa kwa sabuni ya unga."

Bwana Haskett alikoroga chai yake kwa utulivu mkubwa. "Idarusi. Mimi kaa chuo miaka saba kusoma tindikali. Mke yako kaa chuo ngapi?"

"Hajakaa, Bwana. Lakini vitambaa alivifua yeye."

"Basi. Yeye fua. Wewe osha chupa. Mimi fikiri." Akatabasamu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amekwisha kuituma ile barua. "Na Ijumaa usivae kanzu. Vaa kaki, na vifungo vya shaba."

Idarusi akaenda kwa Ernesti. "Iandike wewe, ndugu yangu. Andika 'sabuni.'"

Ernesti alizitazama herufi za mashine yake kama mtu anayetafuta sindano mchangani. "Nikiiandika, nani atie sahihi? Wewe? Watasema mke wako kaharibu mali ya Serikali. Utatoka wewe, na mkonge utaingia vilevile." Akashusha sauti. "Mzungu haambiwi kwamba amekosea, mla papa. Huonyeshwa, tena mbele ya Mzungu mwenzake."

Neno hilo Idarusi alilibeba mpaka nyumbani, akamsimulia Chiku habari yote ya sabuni. Alhamisi jioni alimpa Chiku kanzu yake. Chiku aliitwaa, akafungua kabati, akamwagia unga wote uliobakia, mpaka pakiti ikapigwa makofi kwenye ukingo wa beseni.

"Mara ya kwanza niliifua kwa mapenzi," alisema, mikono ndani ya povu. "Leo naifua kwa makusudi. Wakikufukuza je?"

"Nitarudi kuchimba mashimo."

"Ya kina gani?"

"Ya kutosha kupanda mnazi."

Wageni wakaja. Bwana Shauri alikuwa kijana mrefu aliyechomwa na jua puani. Meneja wa mkonge alikuwa mtu mnene, mwenye kaptura nyeupe na soksi nyeupe mpaka magotini, zilizofuliwa na mtu anayeipenda kazi yake. Bwana Haskett alipomwona Idarusi mlangoni na kanzu, uso wake ulibadilika rangi mbili, na kama angekuwa chupa angepewa nambari. Lakini mbele ya wageni hakufoka. "Leo Ijumaa," aliwaeleza, kama anayeomba radhi kwa mvua. Akavaa miwani yake, wakaingia wote wanne, pazia likafungwa.

Taa ikawaka.

"Hapa, mabwana," alianza Bwana Haskett kwa Kiingereza, akinyoosha kidole ambacho hakuna aliyekiona, "mtaona jambo ambalo halijapata kuonekana katika pwani hii."

Alisema kweli. Mezani iling'aa chupa ya Tongoni. Nyuma ya meza ilisimama kanzu isiyo na mtu, inang'aa vilevile, ikiwa imefunga mikono kwa adabu. Na kando ya mlango, bila mwenyewe, zilisimama kaptura moja na soksi mbili, buluu tupu, zikainua mguu mmoja, zikaushusha kwa woga.

Bwana Shauri akaitazama kanzu, akazitazama soksi. Bwana Haskett peke yake, nyuma ya vioo vyake vya makaa, hakuona kitu, akaendelea na hotuba. Alifika kwenye ujana wa tindikali Bwana Shauri alipoanza kucheka. Kwanza kwa pua, kisha kwa kifua, mwisho akashika meza.

"Haskett," alisema, "vua miwani hiyo. Sasa niambie. Tunalima mkonge wapi? Juu ya huyu bwana, au kwenye soksi za Meneja?"

Ndipo mtaalamu wa mng'ao alipouona mng'ao. Aliitazama kanzu muda mrefu. Aliitazama chupa. Idarusi, ambaye alikuwa amengoja saa hii wiki nzima na kuipangia furaha, alishangaa kuona kwamba moyo wake umemwonea huruma.

"Sabuni," Bwana Haskett alisema taratibu, kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Bwana," Idarusi akajibu. "Ya unga."

Sahihi hazikutiwa. Meneja alikwenda zake akitembea kwa hatua za haraka, na tangu siku ile, wasema, alivaa soksi za kijivu. Karatasi za kuchujia zikarudi kutoka Bombay, udongo wa Tongoni ukachujwa upya mbele ya Bwana Shauri, nao ukatoa kahawia hafifu, tulivu, ya tende iliyosahauliwa. Ukaandikwa Daraja la Nne: *umezeeka, haufai kwa mkonge, uachwe ulivyo*. Bwana Haskett akahamishiwa nchi nyingine yenye udongo. Naye Idarusi alipewa barua ya onyo kwa mavazi yasiyo rasmi kazini, akarudishwa kwenye mashimo. Ernesti aliipiga chapa barua hiyo kwa mkono wake, na mahali pa jina aliacha nafasi pana kidogo, kwa heshima.

Jumapili Idarusi akaenda Tongoni kutoa habari. Alitarajia dua. Alimkuta Bi Mwatumu ameketi juu ya mbuzi ya nazi, anakuna, na mgongo kampa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daraja la Nne."

Idarusi akavua viatu taratibu.

"Miaka arobaini," Bi Mwatumu aliiambia nazi, "udongo huu umenilisha. Umemlisha mke wa mtu, akanenepa, akaolewa na mtu wa chupa. Leo naambiwa umezeeka! Jirani wa kulia kanipa pole, na wa kushoto kaniletea mbolea."

"Lakini mama, shamba limebaki. Lingekuwa la Kwanza wangelichukua."

"Nalijua hilo! Mimi si mjinga." Akageuka, macho yana maji, ya hasira au ya jambo jingine. "Nimekwenda kaburini nikamwambia babake Chiku kwamba hatuhami. Nikarudi njia nzima nacheka. Lakini la Nne, baba? Hukuweza kuwaombea hata la Tatu?"

Idarusi hakuwa na jibu lililopita chupani. Bi Mwatumu akampa jembe. "Kachimbe mhogo. Si ndiyo kazi yako?"

Akachimba, karibu na mnazi wa Chiku. Udongo ulimganda vidoleni, naye akauinua kwenye jua, macho matupu, akatafuta jina la rangi yake kama alivyozoea. Aliyajaribu mawili matatu. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyengoja kuandika, akauacha udondoke.

Mhogo ulikuwa mnene na mweupe. Chakula kilipoiva Bi Mwatumu alikuja na birika na bakuli kumnawisha mkwewe. Idarusi alikunjua vidole vyenye udongo, akaangaza huku na huku mkekani.

"Watafuta nini?"

"Sabuni, mama."

"Ishike adabu yako," alisema Bi Mwatumu, akimmiminia maji. "Humu mwangu sabuni haiingii tena. Sugua."